Vichwa Vinavyosubiri Mkono

Watoto wa kitongoji kile, huko kwenye nyika ya Handeni, walikuwa na adabu zao. Wakimwona mtu mzima anakuja walisimama kando ya njia, wakainamisha vichwa, wakangoja mkono wake uguse utosi ndipo wainuke na kuendelea na safari yao. Kwa mwinjilisti Meshaki mkono ulikuwa hauji. Alipita katikati yao kifua mbele, miwani myeusi usoni, Biblia kwapani, macho ameyatupa mbali. Watoto walibaki wameinama mpaka mmoja achungulie na kuwaambia wenzake kwamba mtu amekwisha pita.

"Amevimba kichwa," walisema mama zao lamboni walipochota maji. "Tangu aanze kualikwa huko milimani, sisi ni vumbi la miguuni pake."

Ukweli ni kwamba Meshaki hakuwaona. Macho yake yalikuwa yamesinyaa kutoka pembeni, akabakiwa na kijitundu cha mbele, kama mtu anayetazama ndani ya shingo ya kibuyu. Katika kile kijitundu aliona mti ulioko mbali, aliona sura ya mtu aliyesimama mbele yake, na akisogeza Biblia taratibu aliona hata herufi. Kilichokuwa chini ya kidevu chake hakukiona, na vichwa vya watoto viko chini. Alijua kwamba watu wanamwita mwenye majivuno. Aliona afadhali hilo kuliko kuitwa kipofu. Kwa hiyo msimwonee huruma mapema, maana wale mama wa lamboni walikuwa wamekosea sababu tu.

Baba yake, mzee Parit, alikufa akiwa haoni. Miaka ya mwisho alitembea ameshika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili ilishikwa na Meshaki, wakati huo bado mdogo wa kuchunga ndama. Wenzake waliwacheka njiani. Wengine walisema mzee ana laana, na laana hurithiwa. Meshaki alivuta ile fimbo kwa hasira, akimkwaza baba yake kwa makusudi ili wafike upesi, na siku walipomzika mzee aliiingiza fimbo darini akaapa moyoni kwamba hakuna atakayemvuta yeye namna hiyo.

Mwaka juzi macho yalimwuma yakawa mekundu. Alikwenda kwenye mkutano wa injili Mazinde, kule mkonge unakokaribia milango ya watu, akaombewa. Maumivu yalikoma palepale. Akafungua Biblia mbele ya umati akasoma mstari mzima, na alisoma kweli, wala hakudanganya mtu. Watu walilia kwa furaha. Ushuhuda ule ulimtangulia kila mahali. Akaalikwa Mpale, akaalikwa mpaka Lutindi, na kila alikokwenda waliomba awasimulie jinsi Mungu alivyomponya macho. Alisimulia. Haikupita miezi mingi, ulimwengu ukaanza kujikunja pembeni, kimyakimya, bila maumivu yoyote. Aliendelea kusimulia.

Alijiambia kwamba akisema haoni atakuwa amemwaibisha Mungu. Hakuna aliyemtuma kumtunzia Mungu heshima. Heshima aliyokuwa akiitunza ilikuwa yake mwenyewe, na kila Jumapili aliilisha ikanenepa. Akanunua miwani myeusi kwa Hassanali, mwenye duka pale mjini Handeni, akawaambia watu ni ya kuzuia vumbi.

Aliyejua ni mkewe, Naitoi. Naitoi alitangulia mbele penye kisiki na kukohoa. Alimwekea kikombe mahali palepale kila siku. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, na nyumba yao ilizidi kuwa na ukimya usiopendeza.

Sasa, Meshaki alikuwa na dada yake mdogo, Nkoile. Nkoile alikuwa mjane, akiishi kwenye boma la mzee Taiyo, baba yao mdogo, ndugu wa marehemu Parit. Nkoile naye alianza kuwakanyaga ndama zizini. Taiyo hakungoja. Alimpandisha gari akampeleka kliniki ya macho Korogwe, na daktari akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema, ila dawa ya matone hulinda kilichobaki, nayo atatia kila siku maisha yake yote. Ugonjwa huu hutembea katika damu, akaongeza, na ndugu zake nao waje wapimwe.

Nkoile alitia matone kwa uaminifu. Kisha Jumapili moja akamsikia kaka yake akitoa ushuhuda wa Mazinde. Alikuwa ameusikia mara nyingi, lakini safari hii ulimhusu. Alitoka kanisani akakitupa kichupa cha dawa katika tope la zizi, ng'ombe wakakikanyaga. Jumapili iliyofuata alimngojea kaka yake mlangoni mwa kanisa, watu wamejaa pande zote.

"Kaka, dawa nimeitupa. Wewe ulipona bila chupa, na mimi nitapona bila chupa."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Meshaki alilisikia neno linapanda mpaka kooni. Alisikia pia jinsi watu walivyonyamaza wakimtazama.

"Imani yako ni kubwa," alisema, na watu wakaitikia amina.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwake ikaweka mizigo. Mvua za vuli hazikunyesha. Upepo ulivuma mchana kutwa ukipitisha vumbi kwenye nyufa za mlango, na kila jua lilipozama Meshaki alijua kwamba ule ukingo mweusi umesogea kidogo machoni pake, na kwa hiyo umesogea pia machoni pa Nkoile.

Mzee Taiyo alikuja asubuhi, ng'ombe wakitoka. Taiyo hakuwa mbatizwa, wala hakuwa na haja. Katika ukoo wa Parit, mwanamume hata akiota mvi humwinamia baba yake mdogo kichwa. Meshaki aliiacha desturi hiyo alipofanywa mwinjilisti, akisema kichwa kilichowekewa mikono hakiguswi na mtu asiyemjua Mungu. Alisimama wima.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Taiyo alinyoosha mkono, akaunyoosha chini, usawa wa kiuno, akauacha hapo. Meshaki hakuupokea. Mzee aliusogeza mkono upande mmoja, taratibu, kisha upande wa pili. Ile miwani myeusi haikutikisika.

"Baba yako naye alianza kwa kutoona chini," alisema Taiyo.

Ndani, Naitoi aliacha kufagia.

"Sikuja kwa ajili yako," mzee akaendelea. "Mwambie Nkoile arudie dawa. Mimi ananiita mpagani. Wewe anakusikia."

"Siwezi kumzuia mtu asimwamini Mungu, baba mdogo."

"Sikukuambia umzuie asimwamini Mungu. Nimekuambia umzuie asikuamini wewe."

Mzee aliondoka na ng'ombe wake.

Baada ya siku chache alikwenda kwenye boma la Taiyo kumtazama dada yake. Alijiambia atasema naye wawili, chinichini, jambo liishie hapo. Nkoile alifurahi kumwona. Alimkalisha kwenye kigoda, akaleta birika, akamimina chai huku akimweleza habari za ng'ombe aliyezaa. Meshaki aliisikia chai ikianguka. Haikuwa sauti ya chai ndani ya kikombe. Ilikuwa sauti ya chai kwenye vumbi, na iliendelea muda mrefu.

"Karibu, kaka," alisema Nkoile, akamkabidhi kikombe.

Kilikuwa kitupu. Meshaki alikishika kwa mikono miwili. Mtu asiyeona alikuwa amempa kikombe kitupu mtu asiyeona, na mmoja wao tu ndiye aliyejua. Hata hivyo alikipeleka kile kikombe mdomoni akajifanya anakunywa, akashukuru. Sijui niwaeleze vipi kuhusu mtu wa namna hiyo. Aliogopa zaidi kuonekana kuliko kupofuka.

Naitoi alimngojea mlangoni mwa nyumba yao. Alimtazama miguuni, akaona matone ya matope ya chai kwenye ndara zake, akaelewa kwamba Nkoile hakuona alikomimina.

"Baba Kaika," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mimi nimekufichia siri yako kwa sababu wewe ni mume wangu. Lakini Nkoile sitamficha. Usiposema Jumapili, nitasema mimi."

Jumapili Meshaki alisema. Na hapa ndipo utakapoona jinsi majivuno yalivyo magumu kufa, maana hata kujishusha kwenyewe alikutafutia maneno matamu. Alipanda madhabahuni, akainua mikono, akaanza kwa ile sauti yake ya Lutindi.

"Wapendwa, mimi niliyesimama hapa ni mtumishi asiyefaa kitu. Mimi ni kipofu. Mimi sioni. Msiniangalie mimi. Dada yangu Nkoile, usinitazame mimi, mimi ni mavumbi."

Watu walisema amina. Mama mmoja alitoa machozi. Ibada ilipokwisha walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia hawajasikia mahubiri ya unyenyekevu kama yale, na kwamba mwinjilisti wa namna hii hapatikani kirahisi. Nkoile alikuja wa mwisho, akipapasa mabenchi.

"Kaka, leo umenijenga. Nimezidi kuamini."

Meshaki alirudi nyumbani akiwa amekunja uso, akakaa uani bila kula. Upepo ulivuma. Alikuwa amesema kweli tupu mbele ya kanisa zima na ile kweli ikageuka ushuhuda mwingine. Alielewa kwamba maneno yake hayana faida tena, yote yamekwisha kutumika. Kilichobaki ni kitu kimoja tu.

"Mama Kaika," aliita hatimaye. "Ile fimbo ya mzee bado iko darini?"

Naitoi alisikika akivuta kigoda na kupanda.

Walitoka siku ya mnada, wakati njia imejaa watu. Meshaki aliivua miwani akaiacha mezani. Naitoi alishika ncha ya mbele, yeye akashika ya nyuma, wakaanza kutembea. Kwanza watu walidhani ni mzaha. Kisha sauti zilianza kuzimika njia nzima, kuanzia wauza mbuzi mpaka wachoma nyama, na katika ukimya ule Meshaki alisikia mtu akisema kwa Kimaasai neno lile lile lililosemwa zamani juu ya baba yake. Laana. Alitamani kuiachia fimbo. Alimkumbuka mzee akikwaa mawe nyuma yake bila kulalamika, akaibana kwa nguvu zaidi.

"Watoto wapo kulia kwako," alisema Naitoi. "Wameinama."

Alisimama. Alinyoosha mkono, akapapasa hewani, akapata utosi wa kwanza, kisha wa pili. Vichwa vilikuwa vya moto kwa jua. Hakuna mtoto aliyecheka.

Kwenye boma Taiyo alikuwa ameketi mlangoni pa zizi. Naitoi alisimamisha fimbo mbele yake. Meshaki alipiga magoti, akainamisha kichwa, akangoja. Ule mkono mzito wa mzee ulishuka juu ya utosi wake ukatulia.

"Inuka," alisema Taiyo. "Yupo ndani."

Nkoile alitoka akiuliza nani amekuja. Meshaki alichukua mkono wa dada yake akauweka kwenye fimbo. Nkoile aliijua. Kila mtoto wa Parit aliijua, mafundo yake yote. Vidole vyake vilitembea juu ya ule mti kuelekea nyuma, vikakuta mkono wa kaka yake mahali ulipokuwa mkono wa baba yao. Kisha vilirudi mbele, vikakuta wa Naitoi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka juzi."

"Hata siku ile mlangoni mwa kanisa?"

"Hata siku ile."

Nkoile alikaa chini, pale pale vumbini. Hakulia wala hakumlaumu. Aliomba tu wapelekwe Korogwe.

Walikwenda wote wanne, Taiyo akiwa amekaa mbele na dereva. Kliniki walipimwa kwa zamu, kisha daktari akawaita pamoja. Meshaki alibakiwa na dirisha dogo katika jicho moja, na kwa matone huenda likakaa. Nkoile jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na mwanga kidogo, hafifu sana, na daktari hakutaka kuahidi.

"Lile la kushoto," aliuliza Nkoile, "nilipokuja mara ya kwanza lilikuwa linaona?"

Daktari alifungua faili, akasoma.

"Lilikuwa linaona, mama."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la nje wakingoja dawa. Naitoi na Taiyo walikuwa kwenye dirisha la dawa. Meshaki alikuwa amezoea kuwafariji watu kwa maneno, na maneno yalikuja, mengi, yamepangika vizuri. Aliyameza yote. Alishuka kwenye benchi akapiga magoti mbele ya dada yake mdogo, jambo lisilofanywa na mwanamume wa ukoo wao, akainamisha kichwa, watu wakipita.

Mkono haukuja. Alisubiri. Alisikia majina ya wagonjwa yakiitwa ndani, jina moja na jingine, na magoti yakaanza kumwuma kwenye saruji. Aliendelea kusubiri kama walivyosubiri watoto njiani, bila kujua kama aliyeko mbele yake amemwona, au amemwona na kuamua kupita.

"Uko wapi?" aliuliza Nkoile.

"Niko hapa chini."

Mkono ulikosea, ukagusa bega, ukarudi nyuma. Kisha ukapanda shingoni taratibu, ukitafuta kichwa.