Sukari Nguru Chini ya Kitanda

Mimi nashuku watu. Nimezaliwa hivyo na sioni haya kusema. Miaka ile ya themanini, tulipokuwa tukiishi Kaloleni kwenye nyumba za baraza la mji, kipande cha nyama hakikubaki mezani kwangu bila mimi kukipima kwa uzi. Nikirudi kutoka bombani nakipima tena. Mume wangu alinicheka sana, akasema nilikosa tu kuandikwa polisi. Nikamwambia polisi wenyewe nawashuku pia.

Kwa hiyo mama yake alipotuma salamu kutoka kijijini kwake Pap Onditi kwamba anakuja Jumamosi, sikufurahi kama mke mwema anavyotakiwa kufurahi. Mama mkwe hakuwa mtu wa matembezi. Na salamu zenyewe zilikuwa na mkia: anakuja kuona mjukuu wake analelewaje huku mjini, na akiona haifai, ataondoka naye akakae kwake.

Mjukuu huyo ndiye mtoto wangu wa pekee, msichana wa miaka sita, niliyempata baada ya kungoja mpaka watu wakaanza kunihurumia mbele ya macho yangu. Wakati ule, nyanya kuchukua mtoto wa mwanawe halikuwa jambo la ajabu, na hakuna ambaye angeliita kosa. Mama mtu analia siku mbili, kisha anaambiwa anyamaze. Mume wangu naye hakuwahi kumkatalia mama yake kitu tangu aanze kutembea.

Sababu ya mama mkwe kuuchukia mji niliijua, ingawa katika nyumba yetu haikutajwa. Kifungua mimba wake, dada mkubwa wa mume wangu, aliolewa mjini, akaanza kupika chang'aa, pombe kali ya magendo, nyumbani kwake. Alikamatwa, akatoka, akarudia. Mwishowe akawa anakunywa alichopika, na ndicho kilichomuua. Mimi sikumkuta. Picha yake ilikuwa moja tu, na mama mkwe aliifunga kwenye leso na kuiweka mbali.

Siku ya Jumatano, nikifagia, nilivuta katoni kutoka chini ya kitanda. Ndani yake zilikuwa nguo za mtoto wangu, zimekunjwa vizuri, sweta juu. Nikamuuliza mume wangu. Akasema alikuwa anapanga nguo tu. Mtu ambaye hajawahi kukunja hata shati lake, ati anapanga nguo! Niliirudisha katoni pale pale, nikaifunga kwa kamba, na fundo nikalifunga kwa namna yangu, ili mtu akilifungua nijue.

Basi nikaamua kwamba mama mkwe atakula chakula ambacho hajakila maishani, akiri kwa mdomo wake kwamba nyumba yangu ni nyumba. Nilikuwa nafanya kazi jikoni katika hoteli moja karibu na ziwa. Nilianza kwa kuosha vyombo, mpishi mkuu akanipenda kwa sababu hakuna kitu kilichopotea nikiwa zamu, akanifundisha. Huko ndiko nilikojifunza hemu: paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi siku nyingi, unalichemsha, kisha unalipaka sukari na kulioka mpaka ling'ae. Wageni walivaa tai kwa ajili ya kulila. Mume wangu alisema mama yake amezoea kuku, mgeni wa heshima ni kuku, kwa nini nijitafutie balaa. Lakini wake wa shemeji zangu wote kule nyumbani walijua kupika kuku, na baadhi yao walinishinda.

Hotelini walinikatia hemu ndogo kwa bei ya wafanyakazi. Sukari yao ya kahawia ilitoka kwenye pakiti na sikuwa na uwezo nayo. Nikasema, kwani sisi hatuna nguru? Mashamba ya miwa yamejaa upande wetu wote huu, na sukari nguru inauzwa sokoni kama matofali. Nilihitaji moja tu. Lakini nilimshuku muuzaji kwamba huchanganya na mchanga, nikanunua mbili kwake na mbili kwa mwenzake, ili kama za huyu ni mbovu nitumie za yule. Nikarudi nyumbani na nguru nne.

Jirani yangu wa mlango wa pili aliniona nikiingia nazo. Akacheka, akauliza leo tutakunywa kwa nani, kwangu ama kwake. Nilicheka kidogo kwa adabu. Nani Kaloleni hakujua nguru nyingi ni za nini? Ndizo zilizolowekwa kwenye mapipa kupikia chang'aa, na chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku, na askari wa chifu walikuwa wakiingia nyumba za watu bila hodi. Nikazisukuma zote nne chini ya kitanda, kando ya ile katoni. Nilimwomba jirani sufuria yake kubwa ya matanga, maana yangu peke yake haikutosha. Aliponipa bila kuuliza maswali nikamshuku zaidi.

Jumamosi asubuhi nililichemsha lile paja, nikamwaga maji ya kwanza, nikachemsha tena kupunguza chumvi. Mama mkwe alifika saa sita. Aliniita kama alivyoniita siku zote, Nyar Gem, binti wa Gem, kwa jina la kwetu nilikozaliwa. Mtoto wangu akamrukia, dani, dani, yaani nyanya, na mimi nikafurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Alikaa kitandani kwa kuwa ndipo palipokuwa laini. Aliporudisha miguu nyuma, kisigino chake kikagonga kitu. Akainama, akatazama chini kwa muda mrefu kuliko inavyotosha kuona.

"Nyar Gem," akasema, "hii sukari yote ni ya chai?"

"Hapana, Mama. Ni ya nyama."

Nilikuwa nasema ukweli mtupu, na nikausikia ukitoka mdomoni kwangu kama uongo wa mtoto. Nani amewahi kutia sukari kwenye nyama? Alinyoosha sketi yake, akaomba maji ya kunywa, na kabla hajayanywa akayanusa.

Nilirudi nyuma ya nyumba kwenye jiko langu. Nilivunja nguru moja, nikaiyeyusha na maji ya nanasi mpaka ikawa nzito. Nikamenya ngozi ya lile paja, nikachora mafuta kwa kisu, nikachomeka karafuu. Tanuri sikuwa nayo. Nilifanya kama tunavyofanya tukioka keki: sufuria ya jirani chini na mchanga ndani, sufuria yangu ndani yake, kifuniko juu, makaa juu ya kifuniko. Ili harufu nzuri isipotee, nikaziba ukingo wa kifuniko kwa unga uliokandwa. Leo nikiikumbuka picha ile najiuliza akili yangu ilikuwa wapi. Sufuria ndani ya sufuria, imezibwa kwa unga, na nguru inanukia mtaa mzima. Chang'aa inapikwa hivyo hivyo.

Mama mkwe alitoka, akasimama mlangoni. Aliangalia sufuria, akaangalia unga, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Kisha akasema anakwenda kidogo kumsalimia mtu wa kwao, upande ule wa kambi ya chifu. Nilishukuru moyoni. Macho yangu yote yalikuwa kwa jirani. Yeye alitoka mara mbili, akanusa, akacheka peke yake, akaenda zake bombani bila ndoo. Mtu anakwenda bombani bila ndoo kufanya nini? Aliporudi, akaniuliza nyama inaendeleaje, nikamwambia ashughulike na mambo ya nyumba yake, na sufuria yake ataipata kesho. Uso ulimbadilika. Akaingia ndani na kufunga mlango.

Kufikia saa kumi na moja mama mkwe alikuwa amerudi, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto mapajani. Mume wangu alikuwa anatoa meza nje. Mimi nilikuwa nimeshabandua unga mara mbili kupaka nyama nguru tena, na kuziba upya. Ndipo askari wawili walipotokea pembeni ya nyumba, mmoja na rungu, wakasimama kwangu bila hata salamu. Nilimtazama jirani pale dirishani kwake nikasema moyoni, umeniuza. Matusi yote niliyoyajua yalinijia ulimini. Lakini yule askari wa rungu hakuniangalia mimi wala dirisha la jirani. Alimwangalia mama mkwe.

"Mama," akasema, "ni hapa ulisema?"

Mume wangu alibaki ameshika meza mguu mmoja hewani. Mimi nikawaza jambo moja tu: nikipelekwa kituoni leo, kesho mtoto wangu anaamkia Pap Onditi, na hata mimi nikiachiliwa hatarudi.

Askari alisukuma makaa kwa rungu, akabandua unga, akafunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni akarudi nyuma. Lilikuwa pale lile paja, limeng'aa rangi ya chai ya rangi, karafuu zimejipanga. Alitazama chini yake akitafuta kinachotiririka. Alichovya kidole kwenye mchuzi, akapuliza, akalamba, akamtazama mwenzake. Mwenzake naye akachovya. Wakachovya tena, mara hii si kwa kazi ya serikali.

"Ni nyama," akasema yule wa rungu. Akamgeukia mama mkwe. "Mama, hii ni nyama na sukari." Alisema kama mtu aliyepotezewa wakati, wakaondoka.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakavuma. Mama wa mume haropokewi, hilo nililijua, kwa hiyo nilifanya lile ambalo mikono yangu iliweza. Nililipakua lile paja, nikakata kipande cha kwanza, kinene, nikampelekea kwa mikono miwili, nimepiga goti kama inavyopasa. Nyama ya hemu hubaki nyekundu hafifu hata ikiiva. Aliitazama ile rangi.

"Hii ni mbichi," akasema.

"Imeiva, Mama. Wewe kula."

Alinishuku, niliona wazi. Mimi namjua mtu anayeshuku, ni kama kujiangalia kwenye kioo. Lakini alikula. Alitafuna polepole, akameza, akachukua kipande kingine bila kuambiwa, kisha akaweka sahani chini na kusema huku akiangalia makaa.

"Msichana wangu alianza na nguru moja chini ya kitanda. Niliiona. Nikanyamaza, nikasema ni mtu mzima. Leo nimeona yako, nikasema sitanyamaza mara ya pili."

Mume wangu aliingia ndani akakaa huko. Nilikuwa bado na hasira, sitadanganya, na hasira hiyo ilinikaa wiki nzima. Lakini nilikata kipande cha tatu nikaweka kwenye sahani ya mama mkwe. Kisha nikakata kingine kikubwa, nikaenda kubisha kwa jirani. Alichukua muda kufungua. Nilimwomba msamaha, akasema alikwenda bombani kumtafuta mwanawe, na sufuria nimpe wakati wowote. Akaiangalia nyama, akauliza kama imeiva.

Asubuhi niliamka nikamkuta mama mkwe ameshavaa. Katoni ilikuwa karibu na mlango, imefungwa kwa kamba, na fundo halikuwa langu. Mtoto alikuwa bado amelala. Mama mkwe akasema tusimwamshe, ataagana naye siku nyingine, mimi nimsindikize mpaka steji. Niliibeba ile katoni kichwani. Ilikuwa nzito kuliko nguo za mtoto wa miaka sita, ama nilijidanganya. Njia nzima nilikuwa najiambia: amemwacha mtoto alale, lakini nguo anatangulia nazo, na wiki ijayo mume wangu atampeleka mwenyewe.

Tulipofika steji, aliniachia mizigo, akaenda kuulizia nauli. Nilitua katoni, nikaingiza kidole chini ya kamba, nikakisukuma upande wa kifuniko. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakukasirika.

"Fungua," akasema. "Fungua uangalie vizuri."

Nilifungua. Hapakuwa na sweta wala gauni. Zilikuwamo nguru zangu tatu zilizobaki, amezifunga kwa gazeti moja moja.

"Hizo sitaziacha kwako," akasema. "Ukitaka kupika ile nyama tena, njoo uchukue kwangu. Uje na mtoto."

Nilisema ndiyo, Mama. Nikafunga kamba tena, na yeye akainama akavuta fundo kuona kama limekaza.