Mawe ya Redio ya Baba

Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye madaha, na ndugu yake alipomletea kutoka ng'ambo kibodi isiyo na waya, madaha hayo yalipanda hadi darini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja pale Kawangware 56, juu ya duka la misumari na rangi: kompyuta moja, printa moja, na mimi. Tulichapa barua za kuomba kazi, notisi za wenye ploti na ratiba za mazishi. Kibodi mpya ilipofika, ile ya zamani yenye waya aliigawa siku hiyo hiyo kwa shule ya kanisa lake. Nilimwambia tuiweke akiba. Akanitazama kama mtu aliyeshuka basi jana kutoka mashambani.

Wateja walipanda ngazi kuja kutazama tu. Mdosi, yaani mwajiri wangu, alizoea kuichukua kibodi, aende nayo hadi mlangoni, abonyeze herufi moja huko huko, na herufi itokee kwenye skrini. Watu wakapiga makofi. Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba kitu kile kilikuwa kinakula. Kilitumia betri ndogo mbili, zile sisi tunaziita mawe, na kwenye kisanduku chake kilichokaa kando ya skrini kulikuwa na kitaa chekundu. Mawe yakichoka, kitaa kilianza kupepesa. Kisha herufi zikaanza kupotea, moja hapa, mbili pale, mpaka ukabaki unapiga vidole bure.

"Wacha ipepese," mdosi alisema nilipomwonyesha mara ya kwanza. "Ikizima ndio uniite."

Bahati yangu nililelewa Kibera na mama ambaye kwa mambo ya mawe alikuwa profesa. Redio, tochi na saa yetu ya ukutani vyote vilitumia mawe ya saizi moja, kwa sababu mama alivichagua hivyo makusudi. Mawe mapya yaliingia kwenye redio ya baba. Redio ikianza kukoroma, yalihamia kwenye tochi. Tochi ikififia, yalikwenda kwenye saa, ambayo haina tamaa, na huko yalikaa miezi. Hata saa ikiyakataa, mama aliyaanika juu ya mabati yapate jua, akayang'ata kidogo kwa meno ya nyuma, akayarudisha. Sheria yake ilikuwa moja tu: jiwe halirudi nyuma. Likitoka kwenye redio, limetoka.

Basi nami ofisini nikawa naanika mawe dirishani wateja wakiwa wachache, nayang'ata, nayabadilisha la kushoto kulia. Hakuna jiwe katika ofisi ile lililokosa alama za meno yangu. Mdosi akawa anawaambia watu, "Mnaona vitu vya ng'ambo? Haviishi haraka!" Mimi nikawa nacheka moyoni.

Ile redio ya baba sasa. Ilikuwa redio ndogo ya mfukoni, na baba aliipenda hadi ikaudhi. Alikuwa fundi wa mawe ya kujengea kwenye mijengo, mtu wa maneno machache, lakini Jumamosi timu yake ikicheza aliiweka sikioni akaongea nayo kuliko alivyoongea na sisi wote kwa wiki nzima. Ilinunuliwa chakula chake kabla ya sukari yetu. Mama aliiita mke mwenza. "Mke mwenzangu amekula?" alizoea kumuuliza baba akimwona anatoka dukani na mawe mapya. Baba alicheka tu, na mama naye alicheka, ila si sana.

Hakucheka sana kwa sababu hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Walianza kuishi pamoja kabla sijazaliwa, na kwa sababu hiyo mama hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Wenzake wakipanga mstari, yeye alibaki kwenye benchi ameshika vitabu vyao. Kila mwaka baba alikuwa na neno: mara mvua, mara karo, mara nyanya ameaga dunia. Mwaka ule nikiwa kwa mdosi, baba alipokubali, mama hakuamini. Alitaka kitu kimoja, ratiba ya harusi iliyochapwa, jina lake liwe pamoja na lile la baba. Alisema akishaliona kwenye karatasi ndio atajua ni kweli.

Harusi ilikuwa Jumapili. Jumamosi mdosi alikuwa amesafiri, akaniachia ufunguo, akaniruhusu nichape ratiba bure. Mama akaja kwa miguu kutoka Kibera, kitambaa kipya kichwani, akaketi kando yangu kutazama. Nikachapa wimbo wa kuingia. Nikachapa jina la kanisa. Nikachapa jina la bwana harusi, na kitaa chekundu kikaanza kupepesa.

Nikayatoa mawe, nikayasugua kwenye sketi, nikayang'ata. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina la mama, ikatokea. Ya pili haikutokea. Nikashuka mbio hadi kwenye vibanda vya steji ya matatu: kote walikuwa na mawe yale makubwa tu. Mawe madogo yaliuzwa na fundi wa saa, na fundi wa saa alikuwa Msabato. Jumamosi ungemkuta kanisani kwao akiimba. Niliporudi juu nikiwa nahema, mama alikuwa bado anaitazama skrini, jina la baba limekamilika, na chini yake herufi moja iko peke yake.

"Basi," akasema taratibu, "hata mashine imekataa."

Niliumia. Niliichukia ile kibodi, nikamchukia na mdosi na madaha yake.

Hapo ndipo baba alipoingia. Alikuwa ametoka mjengoni, suti ya kuazima kwenye mfuko wa karatasi, redio sikioni. Mechi ilikuwa ndio inaanza, tena ile kubwa ya mwaka, timu yake na mahasimu wao.

"Kwani mnalia nini?"

"Mawe imeisha, baba."

"Mawe gani?"

"Ndogo. Kama ya..." Nikaitazama redio sikioni mwake. Mama akageuka akatazama dirishani.

Baba akasikiliza redio kidogo. Kisha akaigeuza, akafungua mgongo wake kwa kucha, akatoa mawe mawili mapya kabisa na kuyaweka mkononi mwangu.

"Maliza."

"Na mechi?" mama akauliza.

"Mechi iko kila wiki," baba akasema. Halafu akaniambia, "Ya mama yako andika na herufi kubwa."

Kitaa kikatulia. Nikaliandika jina la mama kwa herufi kubwa tupu, na la baba likabaki hivyo hivyo na herufi zake ndogo, juu yake, kama mtumishi aliyetangulia kufungua mlango. Baba aliketi na redio iliyokufa magotini. Watu wa steji, waliokuwa wakisikiliza mechi, walipiga kelele mara mbili, na mara zote mbili alishtuka, akashika kiti, asitoke nje kuuliza. Mama alimtazama yeye, akaisahau skrini.

Printa ilipomaliza nikataka kumrudishia mawe yake.

"Ziache," akasema. "Si mama yako amesema jiwe hairudi nyuma?"

Kesho yake kanisani watu waliicheka ratiba, jina moja linanong'ona na lingine linapiga kelele. Mama alicheka kuliko wote, akapanga mstari na wenzake, na benchi likabaki na vitabu peke yavyo.

Jumatatu nilimkuta mama nyumbani amerudi kutoka kwa fundi wa saa. Sukari ilikuwa imeisha na hakununua. Alikuwa ameketi kitandani, redio ya baba imelala mapajani, anaipangusa vumbi la mjengo kwa ncha ya leso. Akatia mawe mapya, moja, halafu la pili, akafunga mgongo wake polepole.

"Mke mwenzangu," akaiambia, "kula."