Birika la Mwalimu Zefania

Namshukuru Mungu aliyenipa macho ya kuyaona mambo haya nikiwa mdogo, akaniachia na pumzi ya kuyasimulia nikiwa mzee. Jina lake litukuzwe kwanza, kabla ya jina la mwanadamu yeyote nitakayemtaja hapa.

Harufu inayonirudisha utotoni ni ya pombe ya wimbi inapomwagiwa maji ya moto. Ni harufu nzito, ya unga uliochacha na moshi wa kuni, na mimi ambaye sijaonja pombe maisha yangu yote naijua kuliko wengi walioinywa. Kwetu Paya, upande wa Tororo, enzi za ukoloni, mwenye shamba kubwa la pamba hakupalilia peke yake. Aliwaita majirani, wakalima pamoja tangu umande haujakauka, na alasiri akawawekea chungu kimoja kikubwa. Walikizunguka wakiwa wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja na mrija wake mrefu, ncha ya chini imesukiwa kichujio ili makapi yasipite. Pombe yenyewe ilikuwa kama uji mzito, na bila maji ya moto haikunyweka. Basi palihitajika mtu wa kumimina, na kwa desturi alikuwa msichana. Msimu ule nilikuwa mimi, na birika jeusi la baba yangu mdogo, Mwalimu Zefania.

Kazi ile ilikuwa na miiko yake. Mmiminaji hakai, wala hana mrija. Hammiminii mjomba wake kwanza. Anamwaga katikati, polepole, ili maji yakifika kwa tajiri yawe yamefika na kwa maskini. Anasikiliza pia, kwa sababu mirija ikianza kukoroma, chungu kinakauka. Baba mdogo aliniangalia nikifanya hivyo siku nyingi. Alikuwa katekista na mwalimu wa shule ndogo ya kanisa. Pombe aliiacha siku ya ubatizo wake, lakini hakuwaacha wanywaji. Kila palipokuwa na chungu alikuja akakaa nao. Kando yake alikaa Salimu, dereva wa lori la pamba kutoka Busia, Mwislamu, na kikombe chake cha chai.

"Mwalimu," Salimu alikuwa akimtania, "mimi na wewe hapa ni kama paka wawili kwenye duka la maharagwe."

Siku moja baba mdogo alininyooshea kidole. "Mnamwona huyu mtoto? Huyo ndiye serikali."

"Serikali yenyewe naona haina meno ya mbele!" Salimu alisema, na watu wakacheka hadi mirija ikawatoka mdomoni.

Baba mdogo naye alicheka, kisha akaazima mrija wa jirani na kuanza kuchora mavumbini. Alisema wanaotutawala wameshika birika kwa mkono mmoja na mrija mrefu kuliko yote kwa mkono wa pili. Mtawala wa kweli humimina na hanywi, na birika si lake. Waliozunguka chungu ndio waliompa, nao wanaweza kumpokonya. Wazee waliacha kunywa. Maneno hayo yalipanda lori la Salimu hadi Busia, yakafika Majanji pamoja na wanawake wachuuzi wa samaki, yakavuka upande wa Kenya bila kuomba ruhusa. Yalifika pia kwa mkuu wa gombolola, yaani chifu wa eneo letu, ambaye watu walikuwa wakitolewa kwenye kazi ya barabara na kupelekwa kulima shamba lake. Hakuja kubishana. Aliwapelekea wazee wa kanisa habari kwamba mwalimu wao ni mlevi.

Shauri lilisikilizwa kanisani baada ya ibada ya Jumapili. Mwenyekiti alikuwa Mzee Yokana, mtu mwadilifu aliyemzika mwanawe kwa sababu ya ulevi. Aliniita mbele, kwa kuwa ndimi niliyemimina.

"Binti, Mwalimu alishika mrija, hakushika?"

"Alishika, mzee."

Watu waliguna. Mama mdogo, mkewe, alijifunika uso kwa leso.

"Akanywa?"

"Hapana. Alichorea chini."

"Alichora nini?"

"Chungu. Na mimi."

Hata Mzee Yokana alikaribia kucheka. Kisha akamgeukia baba mdogo kwa sauti ya upole. "Zefania ndugu yangu, nakuamini. Lakini chungu kilimla mwanangu. Tuahidi hutakaa pale tena, na shule inabaki yako."

Niliomba moyoni akubali. Mwalimu mwingine aliyesubiri nafasi ile alikuwa ameshasema hatawafundisha wasichana. Baba mdogo akasema, "Mzee wangu, ninyi nawapata hapa kila Jumapili. Wale nitawapata wapi?"

Shule ikatoka mikononi mwake, nami nikarudi nyumbani. Wavulana walipita asubuhi na vibao vyao vya kuandikia, mimi nikichuma pamba, maganda yake yakinichana vidole. Mwishowe nilimwendea. "Baba mdogo, kama mimi ndiye serikali, mbona shule yangu imetolewa bila kuniuliza?"

Kwenye chungu kilichofuata alisimama mbele ya watu wote, akalitwaa birika mkononi mwangu. Mwanamume kumimina, tena mwalimu! Wengine walimzomea, wakamwuliza kama amevaa gagulo.

"Kaa," aliniambia, akinionyesha kigoda chake. Akanipa Injili. "Soma, mimi namimina."

Nilisoma nikikwama kila mstari, na kila nilipokwama alisimamisha birika hadi nimalize neno. Wanywaji wenye kiu wakaanza kunisaidia kusoma. Msimu mzima tulifanya hivyo, na ndivyo nilivyoijua Injili ninayoisoma hadi leo.

Watu bado wanagombana juu yake. Wapo wanaosema alikuwa mkaidi, aliyetoa shule ya watoto kwa ajili ya chungu, nami siwezi kuwaita waongo kwa kuwa nilikuwa mmoja wa watoto hao. Wapo wanaosema alituamsha kabla ya uhuru. Baada ya uhuru walikuja wanasiasa waliojiita wamiminaji, na mirija yao tuliiona. Hivi karibuni walinijia vijana wanaosoma chuo kikuu cha Busitema, na binti mmoja akaniuliza, "Bibi, fikra gani hii ya haki inayomfanya msichana atumike na wanaume wakinywa?" Nilimshika mkono kwa furaha. Nilimwambia kwamba swali hilo mwalimu wangu aliulizwa akiwa hai, na akalijibu kwa kusimama.

Kanisani kwetu leo, chai ya baada ya ibada humiminwa na mwenyekiti mwenyewe, naye hunywa baada ya mtoto wa mwisho. Wageni hushangaa. Ofisi nyingi nilizoingia uzeeni hazijafika hapo, lakini sisi tulifika, na tulianzia pale chunguni. Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie kikombe kisichokauka, na siku akikupa birika, akupe na mkono usiopendelea. Amina.