Siku Mkuu wa Shule Alipokuja Bwiza

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, basi. Kilichobaki nilijifunza ziwani, na nilijifunza vizuri. Sioni haya kusema. Ndiyo maana shule ya mabaharia ilipofunguliwa hapa Bujumbura walinichukua niwe mkuu wa mafunzo ya majini. Walimu wa darasani walikuwa na diplome. Mimi nilikuwa na boti.

Mkuu wa shule tulimwita Direkta. Sasa amestaafu, analima lengalenga, mchicha wetu, kule Carama, na mimi namkumbuka sana. Siku hizi wakubwa wanaendesha walimu kwa WhatsApp: simu inalia mfukoni, kumbe umekwisha hamishwa. Yeye apana. Akiwa na neno na mtu, alimfuata alipo. Akija gatini alisimama pembeni na viatu vyake vya kung'aa, akaniuliza mimi, mkubwa wa boti: "Shefu, nipande?" Wanafunzi walichekea mikononi. Mimi nilivimba kama andazi.

Siku moja alipanda, boti ingali gatini, akakaa karibu yangu, akasema sheria imebadilika, mkuu wa mafunzo lazima awe na diplome.

"Muzee, kuna mwalimu anakuja, mama kijana, amesomea kazi hii ng'ambo. Yeye ndiye atakuwa shefu."

"Na mi?"

"Mutagawana. Darasani yeye, majini wewe."

"Yeye shefu, na mi shefu, boti moja? Upepo ukipiga, watoto wamusikilize nani? Direkta, unanipaka mafuta tu."

Nikazima mashine, nikamwekea funguo pajani, nikarudi zangu Bwiza, mtaani kwetu.

Nyumbani nilikaa mlangoni, mke wangu anapouza vitunguu. Kutwa ananitazama.

"Baba watoto, umekuja kunichungia vitunguu? Haviibiwi."

Kazi yangu niliitaka. Kila boti iliponguruma upande wa ziwa, nilikuwa nimesimama kabla sijajua. Lakini kurudi kuomba, hilo sikuliweza.

Baada ya siku chache Direkta akaja, kwa miguu, jua kali, shati limeshikana na mgongo. Majirani wakatoka kuangalia. Mke wangu akampa kiti changu na chai. Akainywa yote kwanza.

"Muzee, ulisema kweli. Niliogopa kukuumiza, nikakuletea maneno ya nusu. Boti itakuwa na shefu mumoja, na ni yule mama. Wewe utakuwa chini yake. Nakuhitaji, lakini sitakudanganya tena."

"Na nikikataa?"

"Nitasikitika. Halafu nitatafuta mutu mwingine."

Mke wangu aliacha kupanga vitunguu. Walahi, tangu nizaliwe hakuna mkubwa aliyenipiga na ukweli namna ile, amekalia kiti changu, mbele ya mke wangu. Iliniuma. Lakini angeniita ofisini akanipa maneno matamu, ningekuwa pale mlangoni mpaka leo.

Kesho yake nikaenda. Yule mama alikuwa kwenye usukani, mahali pangu, miwani usoni. Wanafunzi wote wananitazama mimi, wanamtazama yeye. Hakunichekea, wala hakunibembeleza.

"Baba, fungua kamba."

Nikafungua.