Matuta kwenye Eneo la Wazi

Zamani shangazi Marsiana alikuwa na shamba la ulezi nyuma ya nyumba yake, pembeni mwa Sumbawanga, pale mashamba yalipokuwa yanaishia na mabati yanaanza. Wapimaji walipokuja kurasimisha mtaa, walisema kila mtu amege ardhi kidogo ya barabara, na sehemu moja kubwa ibaki wazi, watoto wacheze na miti ipandwe. Ya barabara watu waliitoa kwa kunung'unika. Ya eneo la wazi hakuna aliyetaka itoke kwake. Mkutano ulikaa mara tatu. Mara ya tatu shangazi akasema, chukueni kwangu, mimi nimechoka kukaa juani. Watu walicheka, walidhani anatania.

Kwenye ramani pakapakwa rangi ya kijani. Chini hapakuwa kijani. Miaka sita malori yalikuwa yanageuzia pale, udongo ukawa mgumu kama sakafu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, tangazo lilibandikwa ofisi ya mtaa. Kuna watu walikuwa wameomba eneo likatwe viwanja sita vya maduka, kwa sababu halitumiki. Afisa mipango miji angekuja kukagua mvua zikiisha. Shangazi aliambiwa kwamba likionekana linatunzwa, halitakatwa.

Miche hakuwa nayo, na kwenye udongo ule mti usingeshika. Akafanya alivyofanya mama yake. Alifyeka majani ya pembeni, akayalundika, akayafunika kwa udongo uliopinduliwa, tuta la mviringo, kisha lingine. Sisi Wafipa tunayaita intumba. Majani yanaoza humo ndani, mvua za mwisho wa mwaka zikianza unayabomoa matuta, udongo umeshalainika. Alitaka apande miti hapo.

Alianza kila siku ukungu ukiwa bado haujaondoka. Miguu ilikuwa inamvimba, jioni tunaikanda kwa maji ya chumvi. Jirani yetu Gaudensi akipita anamchokoza.

"Mama Abel, sasa unalima mji? Basi mwaka huu tutakunywa pombe ya ulezi ya serikali."

"Utakunywa kivuli, Gaudensi."

Matuta yakafika themanini na kitu, yamejipanga vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu yeyote wa huku akiona intumba anajua jambo moja tu, kwamba mwenye shamba amerudi.

Afisa alikuja mwezi wa tano, dada mmoja aitwaye Hasna, ana faili kwapani. Alimpa shangazi shikamoo, akasimama muda mrefu anaangalia matuta, halafu ramani, halafu matuta. Akasema kwa upole kwamba ramani inaonyesha eneo la wazi, lakini anachokiona ni shamba, na anayelima ndiye yule yule aliyelitoa. Shangazi akajaribu kueleza habari ya miti. Maneno yalimchanganyikia, nusu Kiswahili nusu Kifipa. Waliotaka maduka hawakuhitaji kusema kitu.

Hasna akamweleza kwamba njia ni mbili. Akidai ni lake, eneo litafutwa kwenye ramani, viwanja vikatwe, na yeye huenda akapewa kimoja. Asipodai, atie sahihi kwamba hana haki tena, asawazishe matuta ndani ya siku kumi na nne, hiyo ihesabiwe kuwa linatunzwa, na eneo litabaki wazi kama lilivyo kwenye ramani.

Abel, mwanawe, anayeendesha bodaboda, akamsogelea. Alisema taratibu lakini wote tulisikia.

"Mama, iangalie miguu yako. Sema ni lako. Tujenge fremu moja, ukae ndani uuze chumvi na sabuni. Nani kati ya hawa atakushukuru?"

Shangazi akaomba pa kukaa. Wakampindulia ndoo. Alikaa, akanyoosha miguu.

"Silo langu," akasema. "Nilishalitoa. Lete hiyo karatasi nitie dole."

Abel akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Kubomoa kulikuwa kazi zaidi kuliko kutengeneza. Udongo ulikuwa umeshakauka, majani hayajaoza, yanatoka ya njano yananuka. Alibomoa matano kwa siku, siku nyingine manne. Mimi nilibomoa yangu machache. Gaudensi alikuja siku tatu na jembe lake, hakutania. Siku ya kumi na nne likaanguka la mwisho.

Hasna alirudi, akapiga picha, akasema eneo limebaki. Shangazi akamuuliza miti italetwa lini. Akajibu, bajeti ikiruhusu, pengine mwakani.

"Haya," alisema shangazi, akaingia ndani kulala saa tisa mchana.

Watoto hawakungoja miti. Waliweka mawe mawili huku na mawili kule, wakaanza kupiga mpira kwenye ule udongo uliotifuliwa. Vumbi likapanda mpaka chumbani kwa shangazi. Nikamuuliza kama niwafukuze. Akasema nifunge tu dirisha.