Siku Niliyopokea Wakwe Wima

Mkanda wa jeshi ukizunguka kiuno ncha zikakutana, unakufa hapo hapo. Hivyo ndivyo alivyoniambia kinyozi wangu hapa Unyambwa, na mimi, mtu niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na mvi tayari, nilimwamini kuliko kitabu chochote cha biolojia, ndiyo maana mpaka leo nikifika Ulemo wananiuliza, kwa aibu yangu, kama miguu imepumzika.

Malengelenge ya mkanda huo yalinitoka ubavu wa kushoto, yanachoma kana kwamba nimeegemea pasi ya mkaa, na kesho yake ukoo wa mchumba wa binti yangu Neema ulikuwa unatoka Ulemo kuja kuzungumza mahari. Nikajikagua kwenye kioo, nikaona nikisimama ncha ziko mbali, ila nikikaa kitambi (kinaheshimika mtaa mzima) kinajikunja na kuzisogeza. Nikaamua jambo dogo tu: wakija, sikai.

Wakaja, tukaamkiana, viti vimepangwa, mimi wima kama mlingoti wa bendera. Sasa nani akae baba wa binti amesimama? Wakabaki wima wote, mshenga, shangazi yake mchumba, mama muuguzi wa hapa mjini, na babu yao mwenye mkongojo, aliyekuwa anayumba kama alizeti kwenye upepo. Kuku tulimla tumesimama, mchuzi ukaishia kwenye shati la mshenga.

"Mkwe," akasema mshenga akijifuta, "kama umeghairi tuambie. Kutusimamisha hivi ni kutufukuza."

"Sijaghairi."

"Basi kaa."

"Siwezi."

Babu akasema neno kwa Kinyiramba, mimi Mnyaturu sikulijua, ila niliona wanaokota mikoba yao. Neema akatokea mlango wa jikoni, macho yamejaa maji. "Baba, umenikatalia?"

Mama Neema akanishika mabega kunikandamiza kitini, ndipo nikapayuka kwa sauti iliyofika (naapa) Ziwa Kindai, kwamba nikikaa nakufa. Na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, nikafanya ambalo mwanaume hafanyi mbele ya wakwe: nikafunua shati, kitambi chote nje, nikawaonyesha.

Kisha babu akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka, mshenga naye akacheka, hata Neema akacheka na machozi yake.

Neema ameolewa, tena vizuri, na mimi nimeapa kwamba kwa kinyozi nitapeleka kichwa tu, mwili nitaupeleka hospitali. Maana aliyenirudishia akili ni yule shangazi, alivaa miwani, akatazama ubavu wangu, akasema taratibu:

"Mkwe, hizo ncha haziui. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni, vimelala mwilini miaka yote, umri umesogea vikaamka, na kwa kawaida vinafuata mshipa mmoja wa fahamu, upande mmoja tu. Tukitoka hapa twende hospitali, dawa inasaidia zaidi ukiwahi, ukichelewa maumivu yanaweza kukaa miezi. Na chanjo yake ipo, ya watu wazima kama wewe na babu, kwetu bado haijaenea ila muulizeni daktari. Sasa kaa, wazee wamechoka."