Risasi Kwenye Sufuria ya Uji

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu pale Rahaleo kwa kutengeneza risasi za kuzamishia nyavu. Nilivunja betri chakavu za magari, nikayeyusha risasi yake jikoni, kwenye sufuria ileile ya uji. Kitindamimba wetu ndiye aliyevibana vipande kwenye kamba ya wavu, kwa meno. Nilimsifu kwamba anashinda koleo.

Mwaka huu, akiwa na miaka ishirini na saba, alianguka kazini. Presha ilikuwa juu mno. Daktari alisema mishipa yake imekakamaa kama ya bibi kizee.

"Mmewahi kufanya kazi ya betri au risasi?"

"Hapana," nikajibu upesi.

Mdogo wangu alinitazama, akanistahi. Tulipotoka nje akacheka kidogo. "Dada, umeisahau koleo yako?"

Miaka yote nimejigamba kwa watu kwamba niliwalea bila kuomba. Sikutaka kusikia kwamba niliwalea na sumu. Lakini angetibiwaje kwa uongo wangu? Nikarudi naye, nikabisha hodi.

"Daktari, nimekudanganya. Aliing'ata risasi tangu utotoni, na mimi ndiye niliyempa."

Hakunigombeza. Alisema risasi hukaa mwilini miaka mingi, na huenda ndiyo iliyoizeesha mishipa yake mapema. Akaandika kipimo kingine cha damu.

"Andika viwili," mdogo wangu akasema. "Dada ndiye aliyekuwa akikoroga."

Niliinamisha kichwa, nikakunja mkono wa gauni nitolewe damu.